Ndugu wa Kupangiwa

Mmeniuliza kanisani, mmeniuliza stendi, na juzi fundi cherehani wangu ameniuliza huku akikata kitambaa bila kuniangalia: ilikuwaje mtu aage anakwenda China wiki mbili, akae zaidi ya mwezi, halafu ashuke kwenye basi na begi moja la mgongoni? Majibu mliyojipa wenyewe nimeyasikia pia. Sikufungwa. Sikutapeliwa. Sikuoa. Niliugua, nikapona, kisha nikafiwa. Kila ninapoanza kusimulia mtu hunikatiza hapo kwenye "nikafiwa" na kuuliza ni nani, kwa hiyo nimeamua kuandika, ili asomaye afike mwisho kwanza.

Makambako hadi Dar es Salaam

Basi liliharibika kwenye mlima wa Kitonga. Tulikaa kando ya barabara saa nne nzima tukila mahindi ya kuchoma, huku mchungaji mmoja wa Ilula akibishana na konda kama Yona alikuwa mwoga au mkaidi tu. Konda alishinda.

Dar nilifikia kwa shemeji yangu, Mbagala. Mambo ya viza na tiketi nayaruka. Niseme tu kwamba nilingoja siku tisa, na chandarua cha chumba cha wageni kilikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Sisi watu wa baridi hatujazoea kumheshimu mbu.

Addis Ababa

Ndege ya kuunganisha ilichelewa saa kumi na saba. Tulipewa wali na mchuzi mwekundu mara mbili, kisha hata huo ukaisha. Jirani yangu kwenye viti alikuwa fundi mmoja wa Kichina aliyekuwa akirudi kwao kutoka kwenye ujenzi wa barabara. Hatukuwa na lugha ya pamoja, lakini alikuwa na mfuko mkubwa wa mbegu za alizeti, na tukazibangua pamoja nusu siku kama watu waliokua nyumba moja. Alinionyesha picha ya binti yake. Nami nikamwonyesha ya Neema, binti yangu.

Kisha vidole vyetu viligusana ndani ya mfuko. Alinitazama. Aliweka kiganja chake kwenye paji la uso wangu, polepole, kama mama. Akasimama, akachukua mabegi yake, akaenda kukaa safu nne mbele. Mfuko wa mbegu aliniachia.

Nilidhani nimemkosea adabu. Sikujua kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza kufahamu ninaumwa. Ndani ya ndege kichwa kilipoanza kugonga nilimeza panado, na ndiyo maana tulipofika Guangzhou ile mashine ya kupima joto la wasafiri haikunishika.

Xiaobei

Mwenyeji wangu Xiaobei, mtaa wa Guangzhou wenye Waafrika wengi, alikuwa Papa Dieudonné, mfanyabiashara wa Lubumbashi ninayeshirikiana naye kontena: yeye hujaza taa na nyaya, mimi nguo za watoto. Ana umri wa baba yangu mdogo, huvaa tai hata akiwa anabeba maboksi, na Kichina chake amekiokota sokoni. Siku ya kwanza alinipeleka mtaa wa jirani, Dengfeng, kwenye chumba cha ghorofani ambako mama mmoja wa Uvira hupika sombe, yaani kisamvu, na samaki. Nilishindwa kula.

"Weye uko na homa," alisema.

"Ni uchovu wa ndege."

"Uchovu hautetemeshe meno, mon frère."

Kufikia siku ya tatu sikuweza kusimama. Mama mwenye hoteli, tuliyemwita laoban kama mabosi wote wanavyoitwa kule, alivaa barakoa, akasimama mwisho wa korido, akawa ananyunyiza dawa kuelekea mlango wangu kana kwamba ndani kuna mzinga wa nyuki. Kila Dieudonné alipofungua mdomo alimjibu "meiyou", yaani hakuna. Shuka, meiyou. Chai, meiyou. Mwishowe chumba nacho kikawa meiyou. Simlaumu. Mwaka uliotangulia ule ugonjwa wa mapafu ulikuwa umepita kwao, na watu walikuwa bado wanaogopa homa kuliko moto.

Tulitolewa na mabegi yetu hadi barabara ya Huanshi Zhonglu, saa tano asubuhi, jua kali, mimi nimejifunika blanketi. Teksi tatu zilisimama, madereva wakaniona, wakaondoka. Hapo mfagiaji wa hoteli alitoka kwa mlango wa nyuma. Alikuwa mzee asiyewahi kutusemesha. Alichukua kalamu mfukoni mwa shati la Dieudonné, akamfungua kiganja, akaandika herufi tatu za Kichina, akamkunja vidole juu yake. Kisha akarudi ndani.

Teksi ya nne iliposimama, Dieudonné alionyesha kiganja. Dereva alikisoma. Alinitazama kwa muda, akatoka, akanifungulia mlango mwenyewe.

Mtaa uliobomolewa

Sikumbuki njia yote. Nakumbuka barabara za juu zilizopita kati ya madirisha ya watu, halafu kelele zikapungua, halafu zikaisha. Guangzhou ya mwaka ule haikuwa na mahali pasipo na kelele. Kila upande palikuwa na nyundo na winchi. Lakini pale palikuwa kimya kama shamba baada ya mavuno. Nyumba zilikuwa zimebomolewa mtaa mzima. Milango mingine ilikuwa imesimama peke yake bila kuta, na kufuli zake. Kwenye kuta zilizobaki palikuwa na herufi moja nyekundu ndani ya duara, ileile, kila mahali. Dieudonné aliniambia ina maana ya "bomoa". Ngazi moja ilipanda hadi ghorofa ya pili na juu yake hapakuwa na ghorofa. Paka alikuwa ameketi kwenye daraja la mwisho.

Katikati ya kifusi hicho ilikuwepo nyumba moja ya matofali ya kijivu, paa lake limepinda kingo kuelekea juu, mlango mweusi. Dereva alisimama mbali kidogo. Kabla hajageuza gari aliinamisha kichwa kuelekea mlango ule, kama mtu anayepita makaburini.

Hatukubisha hodi. Mlango ulifunguliwa, na mwanamke mwenye koti jeupe akasema kitu. Dieudonné aligeuka kunitazama.

"Anasema nini?"

"Anasema tuingie. Kitanda kiko tayari. Banakitandika tangu asubuhi."

Nilianza kulia. Mtu mwenye homa kali halii kwa sababu za maana. Mimi nililia kwa sababu nilijua kwa hakika kwamba nimeletwa mahali pa kufia.

Kitanda cha mgeni

Aliyenipokea alikuwa Daktari Fang, mwanamke wa miaka kama thelathini, mwenye Kiingereza cha shule kama changu. Kabla ya kuniuliza jina alinipa maji. Kisha alinichoma kidole, akaweka damu yangu chini ya hadubini, akatazama, akaita wenzake. Walikuja mmoja mmoja, muuguzi, mpishi, hata mlinzi wa mlango, wakainama kuangalia damu yangu na kunong'ona. Baadaye nilielewa: malaria walikuwa wameiona vitabuni tu. Lakini wakati ule niliwaona kama watu wanaopita mbele ya jeneza.

Dawa walikuwa nayo, inatoka kwenye jani la kwao wenyewe. Nilimeza, nikalala.

Nilipoamka, mchana wa siku iliyofuata, kando ya kitanda alikuwa ameketi mwanamke wa makamo mwenye uso mpana na vidole vilivyopasuka kwa maji ya moto. Alikuwa ameshika mguu wangu. Dieudonné alikuwa upande wa pili, tai imelegea, na sura yake sikuipenda.

"Huyu ni nani?"

"Anasema ni dada yako."

Jina lake lilikuwa Bi Liang, muuza uji wa mchele. Alitaka nimwite jie, dada mkubwa. Alianza kuniuliza maswali, na Dieudonné akatafsiri huku akitazama sakafu. Mama yetu anaitwa nani? Ukoo wetu ni upi? Chakula gani napenda nikiwa mgonjwa? Kwetu watu hulazwa vichwa vikielekea wapi? Wimbo gani huimbwa?

"Huimbwa lini?" niliuliza.

Dieudonné alirudi kutazama sakafu.

Miguuni pa yule mwanamke palikuwa na mkoba. Ulipofunguka ili atoe chupa ya uji, niliona ndani kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri, kipya, na mkanda wa katani. Sikuhitaji mtafsiri. Nguo za msiba zinajulikana zilivyo, hata ukiziona nchi ya watu.

Kisha alikunja suruali yangu gotini, akaweka kidole kwenye kovu langu, akazungumza kwa muda mrefu kwa sauti ya chini.

"Dieudonné. Niambie."

"Anasema, ulianguka kwenye ukuta wa kisima. Ulikuwa na miaka sita. Alikuwa anakuchunga, akageuka kidogo tu kuzungumza na rafiki yake. Anaomba umsamehe."

Ndugu zangu, kovu lile nililipata nikiwa na miaka sita. Nilianguka kwenye ukuta wa kisima, kwetu Wanging'ombe. Aliyekuwa akinichunga alikuwa dada yangu Sekela, ambaye mnajua tulimzika miaka mingi iliyopita, na hakuniomba radhi kamwe kwa sababu hakuwahi kukiri kwamba aligeuka.

Nilikunywa uji. Ulikuwa na tangawizi na yai la bata lililowekwa chumvi, na ulikuwa mzuri.

Sheria tatu

Siku ya sita homa ilikatika. Niliweza kutembea hadi uani, na Daktari Fang akatembea nami taratibu. Asubuhi nyumba ile ilikuwa zahanati kama zahanati yoyote: wazee wamepanga foleni kupimwa presha, watoto wanalia kwa sindano. Hiyo ilinipa nguvu ya kuuliza.

"Kwa nini mlinipa mtu wa kunililia?"

Hakushangaa. Alinionyesha jiwe refu lililosimama ukutani, maandishi yake yamesagika katikati.

Zamani za wafalme wa Song, alisema, karne kama nane zilizopita au zaidi, mto ulipita karibu na hapa, na merikebu zilileta watu wa kila upande: Waarabu, Waajemi, Wahindi, na watu weusi pia, wengine huru, wengine si huru. Kukapita ugonjwa. Wenyeji waliuguzwa majumbani. Wageni walilazwa ukingoni mwa mto, na maji yalipojaa yaliwachukua wakiwa bado wanapumua. Mjane mmoja aliyeuza mafuta ya kuwashia taa aliishi karibu, akawa anasikia sauti zao wakiita majina kwa lugha zao. Ugonjwa ukaisha. Sauti hazikuisha. Ndipo alipoitoa nyumba yake iwe mahali pa kuuguzia wageni, na akaacha sheria tatu: maji kabla ya maswali, kitanda kimoja kiwe wazi daima, asife mtu humu bila ndugu.

"Alikuwa na huruma," nilisema.

"Labda," alijibu Daktari Fang. "Alitaka kulala usingizi."

Kwa hiyo koo za mtaa zilipokezana zamu. Mgeni akiingia, ukoo wenye zamu hutoa ndugu. Na ndugu asiye na kumbukumbu si ndugu, kwa hiyo hutakiwa atunge za utotoni na kumsimulia mgonjwa. Ndiyo maana ya kisima.

"Alitunga?"

"Lazima watunge. Hawakujui."

Nyumba ile iliwahi kuungua, ikajengwa. Ilizama kwenye mafuriko, ikakaushwa. Kuna miaka mambo ya kale yalipigwa marufuku, ikageuzwa kiwanda cha vifungo. Jiwe lililazwa kifudifudi likawa meza ya kugongea vifungo, na ndiyo maana maandishi yamesagika. Lakini hata miaka hiyo, mgeni akizidiwa mtaani, jirani mmoja aliaga kazini kwamba anakwenda kumtazama ndugu yake. Hakuna aliyeuliza ndugu gani.

Alinifungulia chumba cha nyuma. Kuta zilijaa vibao vidogo vya mbao, safu juu ya safu, kila kimoja na majina mawili: la mgeni aliyekufa na la ndugu aliyepangiwa. Mbele ya kila safu palikuwa na kikombe cha maji, na maji yalikuwa mapya. Kibao kimoja, cheusi kwa uzee, hakikuwa na jina la juu. Kilichorwa sikio lenye hereni. Mtu yule hakuwahi kusema anaitwaje.

Mimi ni Mkristo, mnanijua. Nilisimama mlangoni, sikuingia. Lakini vikombe vile vilikuwa vingi, na maji ya vyote yalikuwa yakitikisika kidogo, kama vile gari kubwa linapita karibu. Nilisikiliza. Hapakuwa na gari.

"Mtaa umebomolewa," alisema Daktari Fang akifunga mlango. "Nyumba hii itaachwa isimame. Majirani wanahamishiwa maghorofa ya mbali. Koo zilikuwa nyingi. Sasa zimebaki nne. Jie ana zamu kila wiki."

Zamu yetu

Nilipopona nilirudi Xiaobei siku kumi kumalizia manunuzi. Laoban alinikumbatia kana kwamba hajawahi kunipulizia dawa. Jie hakuniacha, kila asubuhi nilimkuta mlangoni pa hoteli na chupa ya uji. Kontena letu lilikuwa la kupakiwa bandarini Huangpu siku ya Alhamisi, na ndege yangu, ambayo ugonjwa ulinilazimisha kuisogeza, ilikuwa jioni ya siku hiyohiyo.

Alhamisi asubuhi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Jie alikuja bila uji. Alizungumza na Dieudonné chini ya mwavuli, haraka haraka, na nikamwona Dieudonné akitikisa kichwa.

"Hapana, mama. Hapana. Ana ndege."

"Ni nini?" niliuliza.

"Kuna mgeni kwenye ile nyumba. Kibarua wa ujenzi, alianguka kwenye jukwaa la mianzi. Hospitali kubwa banamrudisha, banasema hakuna cha kufanya. Zamu ni ya ukoo wake. Lakini leo saa tatu ni kura ya nyumba mpya, asipokuwepo anapoteza chumba. Njo vile, anasema sasa ukoo wake uko na watu wawili."

Nilisema siwezi, tena si mara moja. Nilisema mimi si Mchina, sijui lugha, sijui taratibu, na dini yangu hainiruhusu. Jie alisikiliza tafsiri yote. Hakukasirika wala hakubembeleza. Alinipa mkoba wake, akaelekea kituo cha basi, mvua ikimnyeshea kwa sababu mwavuli alituachia sisi.

Ningeweza kuuacha mkoba ule mapokezi. Nawaambia ukweli, niliuweka pale juu ya meza. Nilifika hadi mlangoni na begi langu. Kisha nikawaza yule mtu akigeuza shingo kutazama kiti kitupu, nikarudi kuuchukua.

"Nenda Huangpu," nilimwambia Dieudonné. "Nafasi yangu kwenye kontena mpe mtu mwingine."

"Nitakuja jioni," alisema.

Kibarua alikuwa amelazwa kwenye kitanda changu kilekile. Alikuwa kijana, pengine miaka ishirini na tano, saruji bado iko kwenye kucha zake. Daktari Fang aliniambia jina lake, Deng, na kwamba anatoka jimbo la milimani mbali sana, anazungumza lahaja ambayo hakuna pale anayeielewa vizuri. Kwao wamepigiwa simu. Watafika kwa treni baada ya siku tatu.

"Atawangoja?"

"Hapana."

Nilikaa. Alifungua macho, akaniona. Nilitegemea aogope, kwa maana mtaani watoto walikuwa wakinikimbia. Hakuogopa. Alinyoosha mkono nikaushika, na ulikuwa baridi kama chupa ya soda.

Nilipaswa kutunga. Akili yangu haikuwa na kitu. Mwishowe nilianza kumsimulia kwa Kiswahili yale niliyo nayo: jinsi mimi na yeye tulivyochunga ng'ombe Wanging'ombe, tukiwa wadogo, miguu peku kwenye umande. Jinsi dume letu jeusi lilivyokuwa likitoroka kwenda kwenye mahindi ya mwalimu, na mimi nikasinzia, na yeye akachapwa badala yangu. "Nisamehe, ndugu yangu," nilisema. "Nilikuwa nimelala kweli. Nilidanganya." Sijui niliongea muda gani. Mvua ilikuwa inapiga vigae. Nilifika mahali tunapowarudisha ng'ombe jioni.

Kijana akaanza kuita. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini alikuwa anaita, si kusema. "Olei. Agu, olei." Mara tatu, mara nne. Muuguzi alikimbia kuandika. "Lei ni njoo," alisema kwa Kiingereza chake. "Njoo, Agu. Agu ni nani? Mke? Rafiki?" Akatoka kupiga simu kule kwenye ujenzi, wamtafute Agu.

Kijana hakuwa ananitazama mimi tena. Alikuwa akitazama mlango wa uani, uliokuwa wazi nyuma ya bega langu.

Nitaandika nilichokinusa, na atakayecheka acheke. Chumba kile kilinuka dawa na mizizi ya kuchemsha tangu siku ya kwanza. Saa ile kilinuka mnyama. Nimelala na ng'ombe zizi moja, siwezi kukosea: ngozi iliyolowa mvua, tope, na ile pumzi yenye joto ya nyasi zilizotafunwa. Ilikuwa karibu sana. Nywele za shingo yangu zilihisi joto lake. Sikugeuka. Nilishikilia ule mkono kwa mikono yangu miwili na nikasema Baba Yetu, nikasahau katikati, nikaanza upya.

Alitoa pumzi ndefu, kama mtu anayetua mzigo. Ilikuwa saa nne na kitu asubuhi. Harufu ilibaki kidogo, kisha ikawa dawa tu.

Nilivaa kitambaa cheupe. Daktari Fang alinifunga mkanda wa katani kiunoni. Aliniambia nilie, na nilishangaa kwamba sikulazimika kujitahidi.

Baba yake Deng

Safari ya kurudi haina la kusimulia, ndege mbili na basi ambalo mara hii halikuharibika. Lakini kabla yake walikuja watu wa kwao Deng.

Agu hakupatikana. Kwenye ujenzi walisema hakuna mtu wa jina hilo, si mpishi, si msimamizi. Siku ya tatu, baada ya mwili kuchomwa kama sheria yao inavyotaka, alifika mzee mfupi mwenye kofia ya kitambaa, pamoja na mkwe wake, mke wa marehemu, aliyebeba mtoto mgongoni. Walikuwa wamesimama kwenye treni siku mbili. Mzee alikunywa maji aliyopewa. Kisha aliomba kumwona ndugu.

Nilitoka na nguo yangu nyeupe. Mkwe alirudi nyuma hatua moja. Mzee hakurudi. Alinitazama kutoka juu hadi chini, akashika mkono wangu ule ule alioushika mwanawe, na akauliza jambo moja. Mkwe aligeuza maneno kutoka lahaja yao kwenda Kichina cha wote, na Dieudonné akanigeuzia.

"Anauliza, alisema neno?"

Nilikuwa nimelirudia moyoni siku tatu ili lisipotee. "Olei," nilisema. "Agu, olei." Nililiita kama alivyoliita.

Mkwe aliziba mdomo. Mzee alikaa chini pale pale kwenye kizingiti.

Majibu yalichukua muda kunifikia. Agu hakuwa mtu. Alikuwa nyati wao wa kulimia. Deng alimchunga tangu akiwa mdogo kiasi cha kupita chini ya tumbo lake, na ndivyo alivyomwita jioni. Nyati yule alikufa Deng akiwa na miaka kumi.

Jie alikuwa amesimama pembeni yangu, funguo za chumba chake kipya mkononi. Nilijua kwamba nikikaa kimya sasa nitakaa kimya daima.

"Mwambie alifika," nilimwambia Dieudonné.

"Nani?"

"Agu. Mwambie alikuja mlangoni. Nilimnusa."

Dieudonné alinitazama kama mtu anayepima kama homa imerudi. Alikaza tai yake. Kisha akatafsiri, neno kwa neno, na mkwe akatafsiri.

Mzee hakushangaa hata kidogo. Aliuliza tu: "Mvua ilikuwa inanyesha?"

"Tangu alfajiri."

Aliitikia kwa kichwa, karibu acheke. "Siku za mvua Agu alikuwa anachelewa kurudi," alisema. "Mwanangu alikuwa anasimama mlangoni anaita mpaka sauti inakauka."

Akainuka. Wangeondoka na treni ya mchana. Taratibu yao ni kwamba marehemu aitwe njia nzima ili roho isipotee ugenini, na baba ndiye huita. Jie alimkumbusha jina la kuita, Deng. Mzee alikataa.

"Nikimwita yeye hatakuja. Alikuwa hasikii akiwa na mnyama wake," alisema. "Nitamwita Agu. Mwanangu atamfuata."

Alitangulia kutoka kwenye ule mlango mweusi, akapita katikati ya kifusi, kati ya milango isiyo na nyumba, akiita kwa sauti kubwa ya mtu wa milimani. Mkwe na mtoto walimfuata. Chombo cha majivu hubebwa na ndugu. Nilikibeba kwa mikono miwili, nikatembea nyuma yao hadi barabarani.